Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Malalamiko ya Wasikilizaji Kuhusu Kushuka kwa Viwango vya BBC Radio 3

Majibu haya yanahusu idhaa moja, BBC Radio 3 ya Uingereza, ambayo kwa miongo mingi imekuwa kipimo ambacho idhaa nyingine za muziki wa klasiki hupimwa nacho, na ambayo wasikilizaji wake wamekuwa wakiilalamikia kwa muda mrefu kuliko umri wa jina lake. Mwandishi anaegemea upande wa walalamikaji, ingawa si katika kila jambo, na msomaji ataona ni wapi.

Wasikilizaji wanalalamikia jambo gani hasa?

Wanalalamika kwamba idhaa ya umma, iliyoundwa ili itoe muziki na fikra ambazo soko haliwezi kuzigharimia, imeanza kufanana na idhaa ya biashara, hasa katika saa za asubuhi na mchana. Anayefungua redio saa moja asubuhi anakutana na vipande vya dakika nne au tano vilivyochomolewa katika kazi ndefu, mtangazaji anayesoma jumbe za wasikilizaji kuhusu mbwa wao na hali ya hewa ya kijijini kwao, kisha kidokezo cha kipindi kingine cha idhaa hiyohiyo, ambacho atakisikia tena kabla ya saa kwisha. Kuhusu muziki wenyewe, yaani nani aliutunga, kwa nini, na kitu gani ndani yake kinastahili kusikilizwa, mara nyingi huambiwa tu kwamba ni mzuri, unatuliza, au unafaa kuanzia siku.

Lalamiko halihusu muziki mpya, wala jazi, wala muziki wa mataifa mengine. Mwaka 2019, kipindi cha Late Junction, kilichokuwa kikichanganya muziki wa kila aina tangu 1999, kilipopunguzwa kutoka usiku tatu kwa juma hadi usiku mmoja, miongoni mwa waliopinga walikuwamo watu wasiosikiliza simfonia hata moja kwa mwaka. Waliona, kama wapenzi wa klasiki walivyoona, kwamba kinachopunguzwa ni kile ambacho hakipatikani kwingine.

Idhaa hii ilitokana na nini, na kwa nini historia yake hutajwa kila mara?

Radio 3 ni mrithi wa Third Programme, idhaa iliyoanza tarehe 29 Septemba 1946, wakati Uingereza bado ilikuwa ikigawa mkate kwa kadi. Mkurugenzi Mkuu wa BBC wa wakati huo, William Haley, aliifikiria BBC kama piramidi yenye ngazi tatu: Light Programme, idhaa ya burudani nyepesi, chini, Home Service, idhaa ya habari na mazungumzo, katikati, na Third Programme juu, akiamini kwamba msikilizaji angepanda ngazi hizo pole kwa pole kadiri masikio yake yalivyozoea. Idhaa hiyo mpya ilisikika jioni tu, na haikufungwa na saa za kudumu. Kama tamthilia ilihitaji jioni nzima, ilipewa jioni nzima. Kama opera ilichelewa kwisha, mhadhara uliofuata ulisubiri. Usiku wa kwanza wasikilizaji walipigiwa Goldberg Variations za Bach, zikichezwa na Lucille Wallace kwa hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi.

Katikati ya miaka ya 1960 muziki uliongezwa katika saa za mchana za masafa hayo, na tarehe 30 Septemba 1967 jina la Radio 3 likaanza kutumika, ingawa jina la Third Programme liliendelea kutajwa kwa vipindi vya jioni hadi 1970. Historia hii hutajwa kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba idhaa hii haikuundwa kuwa idhaa ya muziki peke yake: mashairi, falsafa, sayansi na tamthilia vilikuwa sehemu ya mwili wake. Pili, inaonyesha mantiki ya Haley, ambayo ni kumwalika msikilizaji apande, wala si kuishusha ngazi hadi pale aliposimama. Mtu anaweza kusema, na wengi wamesema, kwamba mantiki hiyo ilikuwa na dharau ndani yake. Hata hivyo, ilikuwa mantiki, na uamuzi wa kuiacha ungepaswa kutangazwa na kutetewa hadharani badala ya kutekelezwa kimyakimya, ratiba moja baada ya nyingine.

Je, haya si malalamiko ya kila kizazi cha wazee wanaodhani ujana wao ulikuwa bora?

Swali ni la haki, na historia inalipa nguvu kiasi. Mwaka 1957 BBC ilipopunguza saa za Third Programme na kuzigawia Network Three, idhaa ya mafunzo na shughuli za wakati wa mapumziko, kiliundwa chama cha kuitetea ambacho kiliungwa mkono na watu kama mshairi T. S. Eliot na mtunzi Ralph Vaughan Williams. Mwaka 1969 waraka wa BBC kuhusu utangazaji wa miaka ya sabini ulizua kampeni nyingine. Baada ya 1992, Mkuu wa Radio 3, Nicholas Kenyon, alishutumiwa kwa kuiiga Classic FM, idhaa mpya ya biashara ya muziki wa klasiki, na shutuma ziliongezeka mwaka 1995 alipomkabidhi kipindi cha asubuhi Paul Gambaccini, mtangazaji aliyejulikana zaidi kwa muziki wa pop. Mwaka 2003 likaundwa kundi la Friends of Radio 3, na mabadiliko ya 2011 na ya 2024 yakaleta barua nyingine kwa wingi. Ukizipanga barua hizo kwa tarehe, utadhani idhaa imekuwa ikifa kwa miaka sabini.

Tena, malalamiko hayakutoka upande mmoja siku zote. William Glock alipokuwa msimamizi wa muziki wa BBC, kuanzia 1959 hadi 1972, alilaumiwa kwa kujaza masafa muziki wa kisasa uliowashinda wasikilizaji. Mwaka 1961, Hans Keller wa idara yake na mpiga piano Susan Bradshaw waligongagonga ala za kupigwa studioni bila mpango wowote, wakazirusha kelele hizo hewani kama kazi ya mtunzi waliyemzusha, Piotr Zak, na wahakiki wa magazeti wakaiandikia kwa dhati kamili, ijapokuwa hawakuisifu. Kwa hiyo kiwango si ugumu. Kipindi kigumu kinaweza kuwa cha ovyo, na kipindi chepesi kinaweza kuwa cha kiwango cha juu.

Hata hivyo, kurudiwa kwa lalamiko hakuthibitishi kwamba ni la uongo. Mara nyingine lilirudiwa kwa sababu kitu kiliondolewa kweli. Saa zilizokatwa mwaka 1957 zilikatwa kweli. Ibada ya Choral Evensong, inayotangazwa tangu 1926, ilipunguzwa mwaka 1970 kutoka kila juma hadi mara moja kwa mwezi, na isingerudi kuwa ya kila juma kama wasikilizaji wangeambiwa ni wazee na wakakubali kunyamaza.

Classic FM imefanya kosa gani?

Haijafanya kosa lolote. Ilianza tarehe 7 Septemba 1992 ikiwa idhaa ya kwanza ya biashara kusikika nchi nzima Uingereza, ikafungua matangazo yake kwa Zadok the Priest ya Handel, na tangu hapo imekuwa ikifanya kile ilichosema itafanya: kupiga vipande vinavyopendwa, kati ya matangazo ya biashara, kwa sauti ya urafiki. Imewaletea mamilioni ya watu muziki ambao wasingeugusa. Jambo linalosumbua ni kwamba, ikiwa soko limeshatoa idhaa ya namna hiyo bila kumdai mlipakodi hata senti, sababu ya umma kugharimia ya pili inayofanana nayo inakuwa ngumu kuonekana. BBC Trust, chombo kilichoisimamia BBC hadi 2017, ilisema karibu hivyohivyo katika tathmini yake ya 2015, ilipoitaka Radio 3 ipunguze mfanano wake na mshindani huyo. Sam Jackson, aliyeshika uongozi wa Radio 3 mwaka 2023, aliwahi kuwa kiongozi ndani ya Classic FM. Si busara kumhukumu mtu kwa kazi aliyoiacha, lakini si ajabu pia kwamba wasikilizaji waliinua nyusi.

Kuna tofauti gani kati ya kupiga kazi nzima na kupiga sehemu moja?

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo mwandishi huyu anapokataa kulegeza.

Simfonia ya Tano ya Beethoven huchukua kama nusu saa na dakika chache. Ina sehemu nne, na ya tatu haina mwisho: inashuka hadi mnong'ono, ngoma zikipiga chinichini, kisha bila kusimama inafunguka katika sehemu ya nne kwa ngurumo ya tromboni ambazo zilikuwa zimenyamaza tangu mwanzo. Mlango huo haupo katika kipande kinachoanza na sehemu ya nne. Anayepigiwa mwisho peke yake anasikia kelele za ushindi bila kujua nani alikuwa akipigana na nani. Ni kama kumsomea mtu ubeti mmoja wa utenzi, tena ule wa kati, na kumwambia kwamba sasa ameujua utenzi. Ubeti unaweza kuwa mtamu kweli, na vina vyake kutimia, lakini hoja imebaki katika beti asizozisikia.

Sonata, kwarteti na simfonia nyingi zimejengwa juu ya kumbukumbu ya msikilizaji. Mtunzi analeta wazo, analiweka kando, analirudisha likiwa limevaa nguo nyingine, na raha yote iko katika kulitambua. Idhaa inayokata vipande inamfundisha msikilizaji, bila kusema, kwamba kumbukumbu hiyo haihitajiki na kwamba muziki ni rangi ya chumba. Baada ya miaka kadhaa ya mafunzo hayo, inafanyika tathmini inayogundua kwamba wasikilizaji hawapendi kazi ndefu. Ugunduzi huo umetengenezwa na idhaa yenyewe.

Inasemwa kwamba asubuhi watu wana haraka. Ni kweli. Lakini sonata nyingi za Haydn huisha ndani ya dakika ishirini, na zipo kazi kamili zisizofika dakika kumi: fantasia, tangulizi za opera, nyimbo za Schubert. Mpangaji wa vipindi anayeujua muziki hawezi kukosa kazi nzima ya kuweka kati ya taarifa mbili za habari. Anayeulizwa ni huyo mpangaji, si mwenye haraka.

Nchini Ujerumani hoja hii ilipata jina lake. Idhaa ya kaskazini, NDR Kultur, ilipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 iwe ya vipande vifupi mchana kutwa, wasikilizaji wa Hamburg waliunda harakati waliyoiita Das Ganze Werk, yaani kazi nzima. Hawakuwa na dai lingine kubwa kuliko lile la jina.

Kuna ubaya gani mtangazaji akiwa mchangamfu?

Hakuna. Donald Macleod alianza kukiendesha Composer of the Week, kipindi cha maisha na kazi za watunzi, mwaka 1999, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani yake, na hakuna aliyemlaumu kwa kukosa uzito, kwa sababu kila sentensi yake inabeba kitu: barua ya mtunzi, deni alilokuwa akidaiwa, au sababu ya kubadilisha ala katika sehemu ya pili. Kipindi hicho kilianza mwaka 1943 kwa jina lingine na bado ni mfano wa jinsi elimu inavyoweza kutolewa bila ukali.

Lawama inahusu uchangamfu uliochukua nafasi ya maarifa. Mwaka 2011 kipindi cha asubuhi kilipoanza kuwapigia simu wasikilizaji hewani ili waeleze kwa nini wanapenda kipande fulani, wengi walikerwa, na si kwa sababu waliwadharau wapiga simu. Aliyepiga simu alieleza kwamba kipande kilichezwa kwenye harusi ya dada yake, akashukuriwa, na mtaalamu aliyelipwa kujua muziki akabaki hana la kuongeza. Hisia za msikilizaji ni mali yake, na hahitaji redio imrudishie. Anachohitaji kutoka redioni ni kile ambacho hana.

Kuhusu vidokezo vya kujitangaza, wahenga walishasema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ingawa kwa haki ya idhaa ni lazima tukiri kwamba kwarteti ya Bartók, mtunzi asiye mwepesi, haijawahi kujiuza popote.

Lakini jioni bado kuna konsati. Kwa nini basi kulalamika?

Kwa sababu mtu wa kawaida husikiliza redio asubuhi na mchana, na picha ya idhaa hujengwa saa hizo. Jioni kweli kuna hazina: konsati za kumbi za Uingereza, opera, na katika majira ya joto kila konsati ya Proms, tamasha lililoanza mwaka 1895 na kuchukuliwa na BBC mwaka 1927, husikika moja kwa moja. Mlalamikaji asiyeyataja haya si mkweli. Ila hata jioni imekuwa na historia yake: mwaka 2007 sehemu kubwa ya konsati za moja kwa moja za siku za kazi iliondolewa na kuwekwa zilizorekodiwa, kisha mwaka 2011 utangazaji wa moja kwa moja ukarudishwa, na uongozi ukautangaza kama jambo jipya.

Ni nini kilichobadilika Aprili 2024?

Mengi kwa mpigo. Record Review, kipindi kinacholinganisha rekodi za kazi moja kwa undani na ambacho tangu miaka ya 1950 kilikuwa mhimili wa Jumamosi asubuhi, kilihamishiwa mchana. Composer of the Week kilitolewa saa sita mchana kikapelekwa saa kumi jioni. Friday Night Is Music Night, kipindi cha muziki mwepesi wa okestra kilichokuwa Radio 2, idhaa nyingine ya BBC, kililetwa Radio 3, na mwanamuziki na mtangazaji Jools Holland akapewa kipindi Jumamosi. Wakati huohuo The Verb, kipindi cha ushairi na lugha, na Free Thinking, kipindi cha mijadala ya fikra, vilihamishiwa Radio 4, idhaa ya BBC ya mazungumzo.

Si kila badiliko lilikuwa baya. Muda mrefu wa mchana uliotengewa rekodi za konsati za okestra ni jambo jema. Badiliko zito zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo lililozungumzwa kidogo kuliko yote: kuondoka kwa maneno. Ushairi na falsafa vilikuwa vikikaa nyumba moja na muziki wa watunzi kama Schoenberg tangu 1946, na msikilizaji aliyekuja kwa kimoja aliweza kukikuta kingine bila kukitafuta. Vipindi hivyo havijafa, ni kweli, lakini mkutano huo hauwezekani tena. Mwezi Novemba mwaka huohuo ikaanzishwa Radio 3 Unwind, mkondo wa muziki wa kutuliza, na hapo hata watetezi wa idhaa walipata kazi kueleza tofauti iliyobaki kati yake na washindani.

Takwimu zinasema nini?

Takwimu za usikilizaji Uingereza hutolewa na RAJAR, chombo kinachopima usikilizaji wa redio, na kwa miaka mingi zimeiweka Radio 3 karibu na wasikilizaji milioni 2 kwa juma, ikipanda na kushuka kidogo, huku Classic FM ikiwa na zaidi ya maradufu ya hao. Namba hizo zisomwe kwa uangalifu. Anayehesabiwa kuwa amefikiwa ni mtu aliyesikiliza walau dakika tano katika juma zima, hivyo aliyepita kwenye masafa akitafuta habari za barabarani na aliyekaa na opera nzima ya Wagner wanaingia katika hesabu hiyo wakiwa sawa. Muda wa kusikiliza hupimwa pia, lakini vichwa vya habari hupenda idadi ya watu.

Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba miaka ya kurahisisha haikuizidisha idadi hiyo maradufu. Kama lengo lilikuwa kuwavuta wasikilizaji wa Classic FM, wengi wao wamebaki huko, wakipata wanachokitaka kutoka kwa watu wanaokifanya kwa ustadi zaidi.

Je, huu si ubaguzi wa kitabaka uliovikwa joho la sanaa?

Wako walalamikaji wanaostahili shutuma hiyo, wanaokerwa na lafudhi ya kaskazini mwa England kuliko wanavyokerwa na makosa ya kimuziki. Hao wasisikilizwe. Lakini dhana kwamba mtu asiye na elimu ya chuo hawezi kuvumilia kazi ya dakika arobaini ndiyo yenye dharau kubwa zaidi. Tikiti za kusimama za Proms zimekuwa za bei nafuu kwa makusudi tangu enzi za Robert Newman na Henry Wood, na wanaosimama Royal Albert Hall kwa saa moja na nusu kumsikiliza Mahler hawajawahi kuwa wa tabaka moja. Redio ilikuwa ya bei rahisi kuliko tikiti hizo. Mtoto wa fundi bomba, asiye na piano nyumbani, alipata bure kile ambacho mtoto wa tajiri alinunuliwa. Kikipunguzwa, tajiri ataendelea kununua.

Ubora wa sauti nao umeshuka?

Umepanda na kushuka. Mwaka 2006 BBC ilipunguza kiwango cha data cha Radio 3 kwenye redio ya kidijitali ya DAB kutoka kilobiti 192 kwa sekunde hadi 160, wasikilizaji wakaisikia tofauti na kulalamika, na kiwango kikarudishwa. Mwaka 2010 ukaanzishwa mkondo wa intaneti wa kilobiti 320, ambao ulikuwa hatua kubwa mbele. Lalamiko linalobaki ni la kubana sauti, yaani kupunguza umbali kati ya mnong'ono na kishindo ili muziki usikike ndani ya gari. Kwa dereva ni msaada, kwa aliyekaa nyumbani ni hasara, na mhandisi hawezi kuwaridhisha wote kwa masafa mamoja.

Okestra na kwaya za BBC zinahusikaje?

Zinahusika sana, kwa sababu bila hizo Radio 3 ingekuwa idhaa ya kupiga rekodi za watu wengine. Mwezi Machi 2023 BBC ilitangaza kuifunga BBC Singers, kwaya iliyoanzishwa mwaka 1924, na kupunguza takriban asilimia 20 ya nafasi katika okestra zake za England. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini kupinga, watunzi na makondakta wakaandika, na kabla ya mwezi kwisha uamuzi wa kuifunga kwaya ukasimamishwa. Kwaya ipo hadi leo.

Hali hii ipo Uingereza peke yake?

Haipo huko tu. Mbali na Hamburg, Kanada iliona jambo kali zaidi mwaka 2008, pale CBC Radio 2 ilipoubana muziki wa klasiki katika saa chache za mchana na kuivunja CBC Radio Orchestra ya Vancouver, iliyokuwapo tangu 1938 na iliyokuwa okestra ya mwisho ya redio Amerika Kaskazini. Wasikilizaji waliandamana katika miji kadhaa, lakini okestra haikurudi.

Jambo hili linamhusu nini msomaji wa Kiswahili?

Kama anaishi London, Reading au Manchester na hutazama televisheni inaporushwa moja kwa moja, linamhusu mfukoni, kwa kuwa ada ya leseni, iliyopanda hadi pauni 174.50 Aprili 2025, ndiyo inayoigharimia Radio 3. Anayesikiliza redio tu halipi chochote, kwani leseni ya redio ilifutwa mwaka 1971. Kama anaishi kwingine, ajue kwamba tangu 2014 sehemu kubwa ya fedha za BBC World Service, ikiwemo Idhaa ya Kiswahili iliyoanza Juni 1957, hutoka katika kapu hilohilo. Swali la kitu gani kinastahili fedha za umma wakati wasikilizaji wake ni wachache halijawahi kuwa la simfonia peke yake.

Kulalamika kunasaidia?

Ilisaidia kwa Choral Evensong, kwa kilobiti 192, na kwa BBC Singers. Haikusaidia kwa Late Junction. Ukizitazama kesi hizo utaona kwamba zilizofaulu zilidai kitu kimoja kinachotajika na kinachoweza kurudishwa, wakati barua zinazosema kwamba idhaa imeharibika hupata jibu la shukrani lililoandikwa kabla ya barua kufika.

Lalamiko lipelekwe wapi, na liandikwe namna gani?

Lipelekwe kwanza BBC yenyewe, kupitia tovuti yake, kwa simu au kwa barua, ndani ya siku 30 za kazi tangu kipindi kiliporushwa. Asiyeridhika na jibu anaweza kuandika tena na kuomba lipelekwe ngazi ya juu. Ofcom, mdhibiti wa BBC tangu Aprili 2017, kwa kawaida hupokea malalamiko ya vipindi baada ya ngazi za BBC kumalizika. Ofcom haitaamua kama mtangazaji anachosha, lakini inasimamia masharti yanayoihusu Radio 3 katika leseni ya uendeshaji ya BBC, yakiwemo ya muziki wa moja kwa moja au uliorekodiwa mahususi kwa idhaa, na ya kuagiza kazi mpya kutoka kwa watunzi.

Andika tarehe, saa na jina la kipindi. Taja kazi iliyokatwa na urefu wake kamili. Kama mtangazaji alikosea mwaka au jina, andika alichosema na kilicho sahihi. Ukiweza, sikiliza saa tatu mfululizo, uhesabu kazi zilizopigwa nzima na zilizokatwa, kisha upeleke hesabu hiyo bila kuipamba. Na juma utakaposikia kipindi kilichofanywa vizuri, andika pia, kwa sababu mtayarishaji wake huenda yuko katika chumba cha mkutano akijaribu kukitetea na hana barua hata moja mkononi.